Hesabu Ambayo Eldoret Haijaifunga

Muongo wa 1990, ambao kisiasa ulijinyoosha hadi tarehe 30 Desemba 2002 Daniel arap Moi alipomkabidhi Mwai Kibaki madaraka, husimuliwa mjini Eldoret kwa njia mbili ambazo ni nadra kukutanishwa. Njia ya kwanza ni ya ujenzi na ushindi: uwanja wa ndege wa kimataifa, hospitali ya rufaa, na wanariadha waliorudi na dola wakainua maghorofa mjini. Njia ya pili, inayozungumzwa zaidi majumbani kuliko majukwaani, ni ya nyumba zilizotiwa moto katika eneo jirani la Burnt Forest na familia zilizolala katika viwanja vya makanisa. Tangu Eldoret itunukiwe hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, simulizi la kwanza limezidi kupewa nafasi, na hilo halishangazi, kwa kuwa kila jiji hupenda kujitambulisha kwa fahari zake. Hata hivyo, anayeyatazama matukio ya muongo ule kwa makini huona ugumu wa kuyagawa mafungu mawili, kwa sababu serikali ilikuwa ileile, ardhi ileile, na mara nyingine hata mwaka uleule.

Kwa watu wa Eldoret, tukio lililoufungua muongo huo halikutokea Kamukunji jijini Nairobi, ambako mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama vingi ulivunjwa tarehe 7 Julai 1990, bali katika barabara ya kutoka Busia majuma machache baadaye. Alexander Kipsang Muge, aliyekuwa askofu wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Kianglikana tangu 1983, alikuwa amezoea kukemea unyakuzi wa ardhi na ufisadi bila kumung'unya maneno, na ukali wake ulikuwa na uzito wa pekee kwa kuwa alikuwa Mkalenjin kama rais mwenyewe. Waziri wa Leba, Peter Habenga Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alienda Busia tarehe 14 Agosti 1990, na alipokuwa akirejea gari lake liligongana na lori, akafariki. Okondo alijiuzulu, dereva wa lori akahukumiwa kifungo, na mjadala kuhusu kilichotokea haujaisha hadi leo. Lililo wazi zaidi ni pengo lililobaki, kwani miezi 14 baadaye, moto ulipowaka katika mashamba ya eneo lilelile, sauti iliyoweza kuikaripia jamii yake kutoka ndani haikuwapo tena.

Moto huo ulitanguliwa na maneno. Kifungu cha 2A cha Katiba, ambacho tangu Juni 1982 kilikuwa kimeifanya Kanu kuwa chama pekee halali, kilikuwa kinaelekea kufutwa, na kikafutwa kweli Desemba 1991 baada ya wafadhili kusimamisha misaada. Mnamo Septemba 1991 vigogo wa Kanu wa Bonde la Ufa walifanya mikutano Kapsabet na Kapkatet kudai majimbo. Majimbo, katika maana yake ya kikatiba, ni mfumo wa kugawa mamlaka kati ya serikali kuu na maeneo, nao ni mfumo ambao nchi kadhaa zinautumia bila kumwaga damu. Katika mikutano ile, hata hivyo, ulifafanuliwa kuwa haki ya wenyeji wa Bonde la Ufa kuwarudisha wengine walikotoka. Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, Nandi, kisha yakasambaa. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Desemba 1992, ambao Moi alishinda huku upinzani umegawanyika, ndipo Burnt Forest ilipowaka zaidi, na hapo ndipo maelezo kwamba watu walipigana tu kwa hasira za kampeni yanapopungukiwa na nguvu, kwa kuwa kura zilikuwa zimekwisha kupigwa.

Ili kuelewa kilichopotea Burnt Forest, inafaa kutazama jinsi shamba lilivyopatikana. Nyanda za Uasin Gishu, ambazo kabla ya ukoloni zilikuwa malisho, ziligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwemo Makaburu walioingia kwa mikokoteni ya ng'ombe mwaka 1908. Walowezi walipoondoka baada ya Uhuru, mashamba mengi yalinunuliwa na kampuni za kununua ardhi pamoja na vyama vya ushirika, yaani makundi ya watu wa kawaida waliochanga fedha kwa kununua hisa, kisha shamba likapimwa na kila mwenye hisa akapewa kipande chake. Wengi wa waliochanga walikuwa Wakikuyu, Waluhya na Wakisii, na walikuwapo Wakalenjin pia. Mwenye hisa alipewa cheti cha hisa, akajenga, akapanda mahindi, akachimba kisima na kuzika wazee wake hapo, lakini hatimiliki, yaani hati ya serikali inayomtambua yeye kwa jina kuwa mwenye kipande hicho, mara nyingi ilichukua miaka mingi kutolewa. Kwa hiyo aliyefukuzwa mwaka 1992 alibeba, kama alibahatika kubeba chochote, karatasi ambayo haikuwa na nguvu ya kumrudisha, na kwa kuwa watoto walihitaji kula, baadhi waliuza kwa bei ya kutupa mashamba waliyoogopa kuyakaribia. Uhamisho wa namna hiyo hauonekani katika takwimu za waliouawa, ingawa ndio ulioibadilisha ramani kwa kudumu.

Takwimu zenyewe hutofautiana kulingana na aliyehesabu na wakati alipohesabu. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, ilitaja vifo 779 na watu 54,000 waliohamishwa kufikia Septemba 1992, ikawataja pia viongozi waliodaiwa kuchochea. Bunge, lililokuwa la Kanu, likaikataa ripoti hiyo mwezi uliofuata. Shirika la Human Rights Watch, likihesabu hadi mwaka 1993, lilikadiria waliouawa kuwa 1,500 na waliohamishwa kuwa 300,000. Septemba 1993 serikali ilitangaza Burnt Forest, Molo na Londiani kuwa maeneo ya operesheni ya usalama. Mapigano yalipungua, ila waandishi wa habari na watoa misaada nao wakazuiwa kuingia.

Miaka hiyohiyo Eldoret ilikuwa ikipanda. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi kilianza kusomesha madaktari mwanzoni mwa muongo, uwanja wa ndege ukafunguliwa mwaka 1997, kiwanda cha risasi kikajengwa, na mwaka 1998 hospitali ya wilaya ikapandishwa hadhi kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambamo mwaka 2001 ulizaliwa mpango wa AMPATH wa kutibu Ukimwi, wakati dawa za ugonjwa huo zilikuwa bado anasa kwa Mwafrika wa kawaida. Katika riadha, Moses Tanui alikuwa mtu wa kwanza kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja, Milan mwaka 1993, kisha akashinda Boston mara mbili. Tegla Loroupe akashinda New York mwaka 1994. Moses Kiptanui akawa wa kwanza kumaliza mita 3,000 kuruka viunzi chini ya dakika nane, Zurich mwaka 1995. Fedha zao ziliingia katika mashamba, hoteli na majengo ya biashara ya Eldoret, nazo zilikuwa fedha safi kuliko nyingi zilizokuwa zikizunguka nchini wakati huo. Upande wa pili wa hesabu, kiwanda cha nguo cha Rivatex kilisambaratika mbele ya wimbi la mitumba, na KCC, iliyokuwa ikinunua maziwa ya wakulima wa Uasin Gishu, ikawaachia madeni. Mkulima wa Kikalenjin aliyeambiwa kwamba adui yake ni jirani wa Burnt Forest alikuwa akidhulumiwa na taasisi za serikali iliyomwambia hivyo.

Jitihada za kupatanisha zilitoka zaidi makanisani. Cornelius Korir, aliyefanywa askofu wa Jimbo Katoliki la Eldoret mwaka 1990 na kufariki Oktoba 2017, aliendeleza mbinu aliyoiita Amani Mashinani: wazee wa pande zote hukutana kwanza kila upande peke yake, kisha pamoja, halafu jamii hizo hupewa mradi wa kushirikiana kama josho, soko au shule, ili kila upande uwe na hasara ya wazi amani ikivunjika. Mbinu hiyo ilisaidia, na ingestahili kusomwa zaidi kuliko inavyosomwa, lakini askofu hana gereza wala mahakama.

Mwenye mahakama alikuwa serikali. Mwaka 1998 Moi aliteua tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano yaliyoanza 1991. Tume ikasikiliza mashahidi kwa takriban mwaka mmoja, ikakabidhi ripoti 1999, na ripoti ikafungiwa hadi Oktoba 2002. Hapa ndipo muongo ule ulipoharibika kabisa, kuliko hata siku ya Meteitei, kwa sababu mashahidi walikuwa wamejitokeza, wakasema mbele ya watu, kisha wakarudi kuishi jirani na waliowataja, huku dola ikiyajua majina na kunyamaza. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa lilichomwa Kiambaa, kando ya Eldoret, likiwa limejaa waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyohesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia hizo, ilisema wazi kwamba kutoadhibiwa kwa waliochochea mapigano ya miaka ya 1990 kulichangia. Hata neno madoadoa, lililotumiwa kuwaita walioonekana wageni kuwa uchafu wa kusafishwa, lilisikika tena katika mkutano wa siasa Eldoret Januari 2022, na safari hii angalau msemaji alikamatwa.

Chuo Kikuu cha Moi kina idara ya historia na makao yake makuu yako Kesses, si mbali na Burnt Forest. Kumbukumbu za waliofukuzwa, za waliofukuza na za waliowaficha majirani darini hazijakusanywa inavyostahili, na aliyekuwa na umri wa miaka 40 mwaka 1992 leo amepita miaka 70. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu na chuo hicho wanapaswa kuanza kazi hiyo sasa, kabla wazee hao hawajaisha.