Sheria Ikiruhusu, Je, Moyo Nao Uruhusu?



Vijana wenzangu, likizo ikikaribia kuna swali huwa linaulizwa, tena kwa nia njema kabisa: "Frateri, nikienda baharini kupumzika, mahali ambapo bangi si kosa kisheria, nikavuta kidogo tu bila kumsumbua mtu, dhambi iko wapi?"

Tuanze na sheria, maana wengi tunadanganyana. Tanzania Bara bangi ni dawa ya kulevya kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, na huko nako imekatazwa. Basi ukitoka Singida, Manyoni au Kiomboi ukafika Coco Beach au Nungwi, usimsikilize anayekunong'oneza kwamba "huku kwa watalii hakuna shida." Shida ipo. Mtalii ana ubalozi wake. Wewe una mama anayekusubiri nyumbani.

Lakini ni kweli zipo nchi zilizoruhusu. Kanada iliruhusu mwaka 2018. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema mtu mzima akitumia faraghani si mhalifu. Ujerumani nayo ilifuata Aprili 2024. Wenzetu wanasoma na kufanya kazi huko, kwa hiyo swali lao si la kubuni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia hapa. Anafundisha kwamba sheria ya wanadamu haikatazi kila uovu. Inakataza hasa ule mzito ambao watu wengi wanaweza kuuepuka, na ule unaowaumiza wengine. Kwa hiyo serikali ikinyamaza, haijakusifu. Hakuna polisi wa wivu, lakini wivu umevunja nyumba ngapi? Wakorinto nao walijitetea kwamba vitu vyote ni halali. Paulo akawajibu kwamba si vyote vinafaa, na kwamba yeye hatakubali kutawaliwa na kitu chochote (1Kor 6:12).

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Katekisimu namba 2291 inasema kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu ya tiba tu. Mgonjwa anayepewa dawa na daktari hayumo katika lawama hii. Papa Fransisko naye mwaka 2014 alikataa hata wazo la kuhalalisha zile zinazoitwa dawa "nyepesi."

Najua mtasema: "Mbona Yesu aligeuza maji kuwa divai?" Hoja nzuri. Divai inaweza kunywewa pamoja na chakula, kwa furaha ya arusi, na mtu akabaki na akili zake. Akivuka hapo akalewa kwa makusudi, Tomaso anaiita dhambi, kwa sababu ameitupa akili aliyopewa ili atende mema. Sasa jiulize kwa ukweli: anayevuta bangi kwa starehe anatafuta nini? Anatafuta stimu. Kile ambacho kwenye divai ni kuvuka mpaka, kwenye bangi ndiyo safari yenyewe. Ndiyo maana neno "kidogo" halitoshi kuitetea. Na ubongo wa kijana bado unaendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo hasara yake ni kubwa kuliko tunavyoambiana kijiweni.

Tuguse kidonda chenyewe. Wengi hawavuti kwa sababu ya bahari. Wanavuta kwa sababu umemaliza chuo, ajira hakuna, nyumbani wanauliza, na ndani kunauma. Yesu analijua hilo. Yeye mwenyewe aliwaita mitume wakapumzike kidogo (Mk 6:31). Na baada ya ufufuko alimpokea Petro ufukweni, kwenye moto wa makaa, akamwandalia samaki na mkate (Yn 21). Petro alikuwa na aibu ya kumkana Bwana mara tatu. Yesu hakumpa kitu cha kumsahaulisha. Alimlisha, kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda. Kwa swali la namna hiyo unahitaji akili yako yote. Hata msalabani Yesu alipopewa divai iliyotiwa manemane hakuipokea (Mk 15:23). Alitupenda akiwa macho.

Kwa hiyo nenda baharini, ogelea, cheka, kula pweza na rafiki zako. Hilo ni pumziko halali. Na wewe ambaye tayari umenasa, usijifiche: mtafute padre kwa kitubio, na umwambie mhudumu wa afya au mtu mzima unayemwamini. Vyote viwili vinahitajika, na kwa kuomba msaada hupunguzi heshima yako.

Tusali: Bwana Yesu, uliyewangoja wanafunzi wako ufukweni, utungoje na sisi. Utupe pumziko lisilotuibia akili wala uhuru. Amina.