Vipimo vya Ekholm

Mashariki kabisa mwa funguvisiwa la Svalbard, katika bahari ya Aktiki upande wa Norwei, kuna kisiwa kiitwacho Kvitøya. Kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 680, na karibu chote kimefunikwa na kuba la barafu. Ardhi iliyo wazi ni vipande vichache vya mawe na changarawe pembezoni. Agosti 1930, watu wa meli ya Norwei iitwayo Bratvaag waliteremka kwenye kimojawapo wakakuta mashua, vyombo na mabaki ya binadamu. Hapo ndipo ilipojulikana walikoishia Waswidi watatu waliopaa kwa puto miaka 33 nyuma.

Kisa chao husimuliwa kama habari ya ushujaa, nami siwanyang'anyi ushujaa wao. Nakileta hapa kwa sababu kabla hawajapaa, mtu aliyejua alikuwa amekwisha kusema.

Kiongozi wao, Salomon August Andrée, alikuwa mhandisi katika ofisi ya hataza mjini Stockholm. Alikusudia kupita juu ya Ncha ya Kaskazini kwa puto la haidrojeni. Alfred Nobel alitoa fedha, na Mfalme Oscar II naye akatoa. Puto lilishonwa Paris kwa hariri, na mwaka 1896 likapelekwa moja kwa moja hadi kisiwa cha Danskøya, Svalbard, pasipo kurushwa hata mara moja kwa majaribio. Dalili ya kwanza ilikuwa hiyo, na wote waliiona.

Mwaka ule upepo wa kusini haukuvuma kama Andrée na wenzake walivyotarajia, wakarudi nyumbani. Miongoni mwao alikuwamo Nils Ekholm, mtaalamu wa hali ya hewa. Ekholm alipima, akaona puto linavuja kwenye mishono, palipokuwa na matundu madogo ya sindano yapatayo milioni nane. Kila siku lilikuwa linapoteza nguvu ya kubeba kilo 68. Andrée alitaka lielee siku 30. Kwa hesabu ya Ekholm, lisingepita siku 17. Baadaye akagundua lililo baya zaidi: Andrée alikuwa akiagiza gesi iongezwe kwa siri, hivyo hata vipimo vile vilikuwa vimependezeshwa. Ni sawa na mtu anayeujazia maji mtungi unaovuja kila mgeni anapogeuza uso, kisha akausifu kwamba ni mzima.

Tusimwite tapeli haraka. Mfalme amekwisha kuchanga, magazeti yamekwisha kumsifu, na mwaka uleule mvumbuzi Fridtjof Nansen amerejea Norwei kutoka barafuni akipokewa kwa shangwe. Nani kati yetu, katika hali hiyo, angesimama mbele ya watu aseme, "Chombo hiki hakifai, nirudishieni nikishone upya"? Mimi siwezi kuapa kwamba ningesimama. Aibu ya kurudi mikono mitupu mara moja ni nzito. Ya mara ya pili huwa haibebeki, na hapo ndipo mtu huanza kuifichia namba hata nafsi yake. Ndugu zangu, ukijikuta unaongeza gesi usiku, simama.

Ekholm alijitoa. Nafasi yake ikachukuliwa na Knut Frænkel, kijana mwenye nguvu wa miaka 27, aliyeungana na Nils Strindberg, mpiga picha wa miaka 24. Kiti kilipata mtu, ila swali la mishono halikupata jibu.

Kulikuwa na kamba pia. Andrée aliamini kwamba kamba nzito zikiburuzwa majini zingepunguza mwendo wa puto, na kwa msaada wa matanga angeweza kuliongoza. Tarehe 11 Julai 1897 walipaa, na dakika chache tu baadaye sehemu za chini za kamba zilijifungua kwenye viungo vyake vya skrubu zikabaki nyuma. Zilipotea kilo 530 za kamba, na kilo 210 za mchanga zilikuwa zimetupwa baharini kwa hofu puto lilipogusa maji. Likapanda hadi mita 700, mahali ambapo gesi huvuja kwa kasi zaidi. Ukungu uliganda juu ya kitambaa ukaliongezea uzito, na tarehe 14 Julai likatua juu ya barafu ya bahari.

Yaliyofuata ni marefu, nitayafupisha. Walielekea mashariki, kwenye visiwa vya Franz Josef, wakivuta sleji zilizokuwa na mizigo kupita kiasi, huku barafu waliyoikanyaga ikiwarudisha magharibi. Agosti wakageuza njia, na barafu haikuwahurumia huko pia. Septemba waliacha kutembea, wakajenga nyumba ya theluji juu ya pande la barafu. Tarehe 2 Oktoba pande hilo lilipasuka chini ya nyumba yao, na siku chache baadaye wakahamia Kvitøya.

Kambini kulikutwa chakula, risasi na mafuta ya jiko, kwa hiyo wataalamu wanabishana hadi leo juu ya kilichowaua: wengine hutaja minyoo katika nyama ya dubu, wengine hewa ya sumu kutoka kwenye jiko, wengine baridi na uchovu. Mabishano hayo yana utamu wake, ila naona yanapewa nafasi kubwa mno, na hesabu ya Ekholm ndogo mno.