Kabla Hujapanda Juu ya Paa la Mtu

Mura, nimesikia umepata kazi ya paneli kumi pale Turwa, Tarime, na mwenye nyumba anataka taa ziwake kabla watoto hawajarudi kutoka bweni. Hongera. Lakini nina maneno, na kwa kuwa babu na mjukuu kwetu wana ruhusa ya kuambiana lolote, sitazunguka.

Ninyi vijana wa sola mnazungumza kana kwamba kazi yenu haina ofisi. TANESCO ina fomu, ina mita, ina mkaguzi. Jua ni la Mungu, basi mnabeba ngazi na kupanda. Enzi za kipaneli kimoja cha kuchajia simu na kuwasha taa tatu hakuna aliyewauliza kitu, wala hapakuwa na sababu ya kuwauliza. Leo mnapandisha mzigo. Paneli moja ya wati 550 ina karibu kilo 28. Kumi ni kilo 280, kabla ya reli na boliti, na zote zinakaa juu ya kenchi ambazo fundi seremala alizipiga akifikiria bati la geji 30 peke yake. Ingia darini kwanza. Gonga mbao, angalia mchwa, angalia misumari iliyokula kutu. Ukikuta nafasi kati ya kenchi imepanuliwa ili kubana bajeti, shuka umwambie mwenye nyumba hivyo hivyo, hata kama atampigia simu fundi mwingine jioni ile ile.

Kuliko uzito, mimi nauogopa upepo. Tarime ni milimani, na mvua yetu ya mchana hutanguliwa na upepo unaolaza migomba. Paneli iliyoinuliwa kwa miguu mirefu hugeuka tanga, ikaondoka na bati lake. Na kuinua huko hakuna faida hapa kwetu. Tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi. Mwinamo wa nyuzi kumi hivi kuelekea kaskazini unatosha, tena kazi yake kubwa ni kuifanya mvua ioshe vumbi. Anayeinua paneli kama ukuta ameiga picha ya Ujerumani.

Sheria inaingia hapo hapo kwenye kenchi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inamtaka mtu anayeendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango apate idhini ya mamlaka ya mipango, na kwa Turwa mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Mji wa Tarime. Kibali cha ujenzi kinatoka huko. Usipoteze muda kutafuta neno paneli. Tafuta jengo, nyongeza, mabadiliko ya jengo. Kufunga reli juu ya paa zima bila kugusa muundo ni kazi ya namna moja. Kubomoa kenchi na kupiga mpya, au kumwaga zege uani na kusimamisha nguzo nne za chuma za kubebea paneli, ni kazi ya namna nyingine kabisa, hata mteja akiita "stendi tu". Hiyo ni nyongeza, na umbali wake kutoka mpaka wa kiwanja unahesabiwa. Ikiwa imeingia kwenye hifadhi ya barabara, siku watu wa rangi nyekundu watakapokuja kuandika X hawataangalia kama juu yake kuna kitu cha thamani. Chora unachotaka kufanya kwenye karatasi moja, mpelekee mhandisi wa halmashauri na afisa mipango miji, waulize kabla ya kununua simenti.

Umeme wenyewe una mlango wake. Sheria ya Umeme ya 2008 iliwapa EWURA, wadhibiti wa nishati, kazi ya kuwapa leseni mafundi wa kufunga umeme, kwa madaraja, na kila daraja lina mpaka wake. Cheti cha VETA ni mwanzo wa safari ya leseni. Hakiwezi kusimama mahali pake. Najua mnavyokodi mhuri wa mkandarasi mwenye leseni, anasaini kazi ambayo hajaiona. Mura, jina linalobaki kwenye karatasi ni lake, lakini aliyekuwa darini ni wewe, na nyumba ikiungua wote mtatafutwa.

Nyumba zinaungua kweli. Paneli kumi mkiziunganisha kwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti karibu 50 bila mzigo, mnapata volti 500 za umeme wa moja kwa moja (DC). Cheche ya umeme wa namna hiyo haikatiki upesi kama ya umeme wa gridi. Zimamoto wakifika saa sita mchana wakazima mita, waya wa kutoka juu ya paa bado uko hai, kwa sababu jua halina swichi. Weka kikatio cha umeme huo mahali mtu mzima anapofika bila ngazi, na ukiandike jina kwa Kiswahili. Betri usiziweke chumbani wanamolala watu. Za asidi hutoa gesi inayowaka wakati wa kuchaji.

Halafu kuna suala la kurudisha umeme kwenye laini. Kanuni za 2018 zinamruhusu mtu mwenye mtambo usiozidi megawati moja kupeleka ziada yake TANESCO na kuhesabiwa uniti zake, baada ya kuomba na kuingia mkataba. Mteja wako akitaka hilo, aombe. Asipotaka, funga swichi ya kubadilishia, na inveta iwe ya aina inayojitenga na laini gridi ikikatika. Umeme ukikatika Tarime, kijana wa TANESCO anapanda nguzo akiamini waya umekufa. Naye ana mama, kama ulivyo naye wewe.

Utakutana na mafundi kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Wengi ni hodari, na Kenya waliwahi kutangulia: kanuni zao za sola za 2012 ziliwagawa mafundi katika T1, T2 na T3, kuanzia mwenye mfumo mdogo wa betri moja hadi mwenye mifumo mikubwa. Jifunze kwao. Lakini karatasi ya T2 iliyotoka upande wa Isebania haimpi mtu leseni ya kufunga umeme Turwa.

Radi nayo. Ukanda huu wa Ziwa Victoria unapigwa radi kuliko sehemu nyingi duniani, na radi ikiua ng'ombe hapa kwetu watu huanza kumtafuta aliyeituma. Unganisha fremu zote za paneli kwa waya wa ethi hadi kwenye fimbo iliyozama ardhini, weka vizuia mshtuko pande zote mbili za inveta, pima ethi msimu wa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Usipofanya hivyo, siku radi ikipita, hutaambiwa ulikosea kufunga. Jirani mzee ndiye atakayesingiziwa.

Kuhusu jirani, hapa sheria haitakusaidia sana, na ritongo, baraza la wazee wetu, lingekusaidia zaidi. Mkaratusi wake unakua. Ghorofa lake linaanza. Kivuli kwenye paneli moja kinapunguza umeme wa mfululizo mzima, na hakuna kifungu ninachokijua mimi ambacho kingemzuia mtu kujenga kwenye kiwanja chake, kwa kibali chake, kwa sababu ya jua lako. Mwambie mteja aende kwa jirani kabla ya kazi, wakubaliane kuhusu miti. Wakurya wamegombana kwa mipaka kiasi cha kutosha. Usiwaongezee mpaka wa kivuli.

Na nje ya mambo ya paa, kuna mjomba wako wa upande wa Mugumu anayetaka mtambo wa biogesi kwa sababu ya ng'ombe wake: kule ni ardhi ya kijiji, aanze kwa serikali ya kijiji, na shimo likae zaidi ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeyatenga maeneo hayo. Mchoro atafute CAMARTEC, Arusha. Wamefanya kazi hii miaka mingi na kuba lao la chini ya ardhi linajulikana. Achimbe mbali na kisima pia, hata kama hakuna atakayemkagua.

Ukimaliza Turwa, mwachie mwenye nyumba mchoro wa nyaya zote, namba za paneli, risiti, nakala ya leseni ya aliyesaini na barua yoyote ya halmashauri, katika bahasha moja. Nyumba huuzwa, baba hufariki, fundi mwingine hupanda paa hilo hilo akiwa hajui waya upi umekwenda wapi. Malipo ya mwisho yadai siku hiyo ya bahasha, baada ya kuzima gridi mbele ya macho yake na kumwonyesha kwamba inveta haipeleki chochote barabarani.