Daftari la Omena

Mwanangu, keti kidogo. Najua matatu ya Kondele haikungoji, lakini chai iko tayari.

Juzi uliniambia umefuta jumbe zote za yule kijana mliyeachana, anayekusumbua, ili moyo upoe. Nilinyamaza. Hata mimi nilifuta zangu.

Baba wa watoto wangu hakuwahi kuninyooshea mkono. Tulipoachana nilihamia chumba kimoja Manyatta, nikaendelea kuuza omena pale soko la Kibuye. Ndipo akaanza kupiga simu. Saa nane za usiku, saa tisa, saa kumi. Mchana alisimama ng'ambo ya meza yangu, mikono mfukoni, akinitazama nikipima gorogoro. Hasemi kitu. Jioni ujumbe unaingia: "Nimemwona yule uliyecheka naye." Nikaacha kucheka na wateja. Nikawa nakosea hata chenji.

Nilienda kituoni. Askari wa zamu akaniuliza, "Amekupiga wapi, mama?" Sikuwa na pa kumwonyesha. Nikarudi nyumbani na aibu yangu, nikafuta zile jumbe, watoto wasije wakazisoma. Wazee wa ukoo nao wakaniambia nivumilie, mwanamume hukasirika kisha hutulia. Nikavumilia miaka miwili. Hiyo miaka ndiyo inayoniuma, kuliko simu zenyewe.

Kumbe sheria ilikuwepo, tangu mwaka 2015, ya kumkinga mtu na ukatili wa nyumbani. Mama mmoja wa sokoni ndiye aliyenieleza, tumeketi juu ya magunia. Matusi, vitisho, kumfuatafuata mtu, kumtesa akilini: yote hayo sheria inayaita ukatili. Wala haidai muwe bado mnaishi pamoja. Waliooana wakaachana wamo, waliovunja uchumba wamo, waliozaa pamoja wamo. Hata wewe ambaye hukuolewa, ule ulikuwa uhusiano wa karibu.

Akaniambia, andika. Basi nikaligeuza daftari langu la madeni. Mbele, nani anadaiwa gorogoro ngapi. Nyuma, tarehe, saa, alichosema, nani alikuwepo. Nikalipeleka mahakamani. Lilinuka omena mpaka karani akakunja pua. Hakimu hakukunja. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akatoa amri ya ulinzi ya muda kabla hata yule bwana hajaitwa: asinikaribie, asinipigie. Kuvunja amri hiyo ni kosa, faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili.

Haikuishia hapo, nisikudanganye. Kesi iliahirishwa mara tatu. Kila mara nilifunga meza, nikakosa mauzo ya siku, kisha nikamkuta kwenye benchi la korido, kajikunyata kama aliyeonewa yeye. Nusura niache.

Wewe usiende peke yako kama mimi. Mawakili wanawake wa FIDA wana ofisi hapa Kisumu. Nambari ya simu ya msaada, 1195, haina malipo, usiku na mchana. Kituoni ulizia dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB, kitabu cha matukio.

Ulizofuta zimeenda. Ila atatuma nyingine. Watu wa aina hiyo nawajua. Usimjibu, wala usifute. Dada yako abaki na nakala.

Nimekununulia daftari. Hili halinuki. Anza na unayoyakumbuka, kabla chai haijapoa.