Amiri wa Safari ya Siku Mbili

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme humtoa mtu Morogoro na kumfikisha Dar es Salaam kwa muda usiotimia saa mbili. Basi vijana huafikiana: Jumamosi twende, Jumapili jioni turudi. Kutembea na marafiki si haramu, wala jiji si dhambi. Lakini Kariakoo haimngoji mtu. Huyu avutwa na maduka, yule ataka kuwahi pantoni ya Kigamboni, na adhuhuri yapita hali kila mmoja adhani mwenziwe ndiye atakayekumbusha.

Mtukufu Mtume s.a.w. alikwisha agiza kwamba watu watatu wakitoka safarini, wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Watatu tu! Hakungoja wawe msafara wa ngamia. Wala kazi ya amiri huyo si nzito, maana sheria imemhurumia msafiri: adhuhuri, alasiri na isha huwa rakaa mbili mbili, na adhuhuri yaweza kukusanywa na alasiri. Magharibi hubaki tatu. Dakika chache pembeni mwa soko zatosha.

Mteueni kabla ya kukata tikiti, wala msimtazame mwenye fedha nyingi, mtafuteni yule ambaye hamtachukia akiwaambia, "Jamani, tusimame kwanza."