Dawa Kinga ya VVU: Je, Ni Kufungua Mlango wa Zinaa?



Kila inapotajwa PrEP, dawa anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, wengi wetu huuliza: je, si kufungua mlango wa zinaa? Swali hili si la kupuuzwa. Katika fiqhi tunasoma sadd al-dharai, yaani kuziba njia zinazoelekea kwenye haramu. Lakini kabla ya kuziba njia, ni lazima tutazame nani anaipita.

Kwetu Manibe, kwenye barabara ya Arua kwenda Koboko, chukua mfano wa mke ambaye mumewe amepimwa akakutwa na VVU. Mke hakuzini, na nikaha yake ni sahihi. Mume ameanza ARV, na virusi vikishafifia hadi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza. Lakini hilo huchukua miezi. Katika miezi hiyo mke afanye nini? Utafiti wa Kenya na Uganda kwa wenza zaidi ya 4,700 wa namna hii, uliotoa matokeo mwaka 2011, ulionyesha kuwa PrEP ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67 hadi 75. Kumnyima dawa kwa sababu ya wazinzi ni kumwadhibu asiye na kosa.

Wengine husema kujikinga ni upungufu wa tawakkul. Sayyidna Umar (r.a.), akiwa njiani kwenda Sham, alisikia kuwa kuna tauni, akarudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah.

Limebaki swali gumu: na mzinzi je? Zinaa ni haramu, na hakuna kidonge kinachoihalalisha. PrEP haizuii kaswende wala kisonono, sembuse dhambi. Lakini sioni mahali ambapo sharia imeufanya ugonjwa kuwa hadd, ikatupa sisi kazi ya kuutekeleza kwa kuwanyima watu dawa. Tena anayeambukizwa leo, kesho huenda akamwambukiza mkewe, na mke akamwambukiza mtoto aliye tumboni. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na mlango wa toba uko wazi kwa aliye hai.

Basi tufanye nini? Anayehitaji dawa hii aende kliniki apimwe kwanza. Ramadhani isimtishe: kidonge ni kimoja kwa siku, anaweza kukimeza baada ya kufuturu. Nasi wengine tuchunge ndimi. Ukimwona dada yako katika Uislamu anapokea dawa hii, kumbuka Surat al-Hujurat 49:12 ilivyokataza dhana mbaya. Huenda ni yule mke anayeilinda ndoa yake.

Allah atuhifadhi na zinaa, na atuhifadhi na ugumu wa moyo. Wallahu a'lam.