Nundu ya Gunia

Mwaka 1972, hapa hapa Iringa, TANU ilitoa azimio la Siasa ni Kilimo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, karibu theluthi mbili ya Watanzania wenye kazi wako shambani, lakini kilimo kinachangia takriban robo tu ya pato la taifa. Sababu ni nyingi: mvua, mbolea, barabara, bei. Nitasema juu ya moja iliyo mikononi mwetu: lumbesa.

Tunaijua sote. Gunia la viazi linajaa, kisha linaongezwa nundu na kufumwa kwa kamba. Sheria inataka lisizidi kilo 100. Mkulima analipwa gunia moja, nundu inakwenda bure. Hakubali kwa kupenda. Viazi vimeshachimbwa, ada ya shule inadaiwa, na mwenye gari ni mnunuzi.

Ni rahisi kumlaumu dalali. Nabii Amosi aliwakemea waliochezea vipimo, nami nimelihubiri hilo mara nyingi. Lakini mwaka jana nilinunua lumbesa Mlandege, nikamwambia mke wangu, “Leo nimepata!” Nilipata cha nani?

Jumapili, kwenye mnada wa mavuno, tunapandisha bei ya kuku mmoja kwa vigelegele, maana ni sadaka. Jumatatu tunambania bei yule yule aliyemleta.

Siku hizi naomba mzani. Wauzaji hunicheka kidogo. Ile nundu ya mwaka jana bado sijailipa, kwa kuwa aliyevilima viazi vile simjui.